UZI: Spika ndogo za kusikilizia muziki wa kwenye diski nyumbani: sabufa ya 3.1, monita za inchi 5, au ampli ndogo na boksi mbili?

#1 MwanaIsamilo
Wakuu, habari za jioni. Kuna mkusanyiko wa nyimbo kama 6,000 kwenye diski ya nje ya 1TB. Nusu ni FLAC (mafaili yanayobana muziki bila kupoteza kitu) zilizotolewa kwenye CD, nusu ni MP3 za kila namna: dansi la zamani, taarab, kwaya, ngoma za Kisukuma, bongo fleva. Sebule ni ndogo, mita 4 kwa 3.5, dari ya jipsamu kwenye mita 2.8, sakafu ya vigae, sofa mbili, madirisha mawili ya aluminiamu. Nyumba iko Isamilo, Mwanza, juu ya mawe.

Iliyopo sasa ni sabufa ya 3.1 ya kawaida, yaani boksi moja la besi na vispika vitatu. Dukani ilisikika safi. Sebuleni besi inavuma, sauti ya mwimbaji inazama, na ukiongeza sauti ili umsikie mwimbaji, besi inakufukuza ndani.

Msimamo wangu: sabufa ndiyo mkosaji. Itoke, ziingie spika mbili tu juu ya meza ya TV yenye urefu wa mita 1.2. Zipi?

#2 Solda60
Mkuu, geuza boksi usome kibao cha nyuma, achana na namba ya mbele. Mbele wameandika PMPO, namba ya nguvu ya kuvutia wateja, ambayo haina kipimo kinachokubalika popote. Nyuma ikiandikwa 230V 50Hz 60W, basi huo ndio umeme wote unaoingia. Ampli za aina ya AB hupoteza karibu nusu yake kuwa joto, kwa hiyo zinazofika kwenye koni ni wati 30 hivi, na hizo zinagawanywa kwa sabufa na vispika vitatu.

Ukifungua utakuta transfoma ndogo, dayodi nne, kapasita mbili kubwa, na IC za TDA2030 (vipande vidogo vya ampli) au ndugu zake. TDA2030 moja hutoa kama wati 14 kwenye spika ya omu 4 ikilishwa ±14V. Hicho ni kifaa cha heshima, tatizo haliko hapo.

Tatizo liko kwenye mgawanyo wa sauti. Vispika vya pembeni ni koni za inchi 3, chini ya 150 Hz havina kitu. Sabufa nayo imekatwa kwa kichujio rahisi, inaishia popote inapoishia. Sauti ya mwanaume ina msingi wake kati ya 85 na 180 Hz. Kifua cha mwimbaji kinatoka kwenye boksi lililo chini ya meza, mdomo wake unatoka juu ya meza, na katikati kuna shimo. Ndiyo maana anazama.

#3 Bi_Pasiansi
Kaka Solda60, shimo lipo, nakubali. Lakini boksi ni lilelile dukani na nyumbani. Kilichobadilika ni chumba.

Duka la mjini lina mlango mpana uliofunguliwa barabarani. Besi inatoka nje, hairudi. Sebule ya MwanaIsamilo ni tofali na zege pande zote. Chukua 340, kasi ya sauti kwa mita kwa sekunde, gawa kwa mara mbili ya urefu wa ukuta: mita 4 inakupa 43 Hz, mita 3.5 inakupa 49, kimo cha mita 2.8 kinakupa 61. Kwenye namba hizo chumba chenyewe kinapiga muziki. Ukikaa umeegemea ukuta wa nyuma, unakaa palepale besi inapojikusanya.

Jaribu hivi kabla ya kununua chochote. Iweke sabufa juu ya sofa, pale kichwa chako kinapokuwa ukikaa. Cheza wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka. Kisha pita kandokando ya kuta umeinama, masikio yakiwa karibu na sakafu. Patafute mahali ambapo noti zote zinalingana, hakuna moja inayoruka juu. Hapo ndipo sabufa ihamie. Mara nyingi si kwenye kona, ingawa watu wengi huichomeka kwenye kona kwa sababu nafasi ipo.

Halafu piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio kama wa bati baada ya kofi, ni ukuta na ukuta vinarushiana sauti. Zulia nene mbele ya spika na pazia zito lenye mikunjo upande mmoja vitautuliza. Kanga moja iliyonyooshwa haitoshi, ni nyepesi mno. Na zulia haliponyi besi, linaponya trebo na sauti ya kati tu.

#4 Mabatini_2
Dada Bi_Pasiansi, rekebisho dogo: kwa joto la hapa la nyuzi 25 tumia 346, si 340. Na kabla hajatokea wa kusema Mwanza iko juu, mita 1,134 kwenye usawa wa ziwa, mwinuko hauhusiki. Kasi ya sauti hewani inafuata joto.

Mimi nauliza mafaili. MwanaIsamilo, hizo MP3 "za kila namna" ni zipi? Ifungue moja kwenye programu ya Spek, inachora picha ya masafa. MP3 halisi ya 320 kbps inafika karibu 20 kHz. Picha ikikatika kama panga kwenye 16 kHz, ujue ilikuwa 128 kbps, mtu akaigeuza kuwa 320 ili ionekane kubwa. Dakika moja ya 320 inakula MB 2.4, ya 128 haifiki MB 1. Kilichotupwa mwanzo hakirudi kwa kuongeza ukubwa wa faili, hata ukiigeuza kuwa FLAC.

Hata FLAC zichunguze. Iliyotoka kwenye CD kweli ina picha inayofika karibu 22 kHz, maana CD ni 44.1 kHz biti 16. FLAC inayokatika 16 kHz ni MP3 iliyovalishwa kanzu.

#5 Solda60
@Mabatini_2 faili la 128 linaua matoazi na kuyafanya yapige "shwii shwii", hilo sawa. Halizamishi sauti ya mwimbaji wala halileti mvumo. MwanaIsamilo jibu moja: FLAC zako nazo zinavuma?

#6 MwanaIsamilo
Zinavuma zilezile. Ila MP3 nyingine sauti iko chini sana, wimbo unaofuata unapiga kelele ghafla. Na yapo majalada ambayo bandari ya USB ya sabufa haiyaoni kabisa.

#7 Mabatini_2
Hayo ni magonjwa mawili tofauti. La sauti kupanda na kushuka: pitisha mkusanyiko wote kwenye foobar2000, programu ya kucheza muziki kwenye kompyuta, chagua ReplayGain. Inapima kila wimbo na kuandika namba kwenye lebo ya faili, muziki wenyewe haiugusi. Chagua hesabu ya albamu kwa CD nzima, ya wimbo kwa mchanganyiko. Kumbuka kicheza kilicho ndani ya sabufa hakiisomi namba hiyo, unahitaji kompyuta au simu.

La USB: visomaji vingi vya ndani ya sabufa vinakubali diski iliyofomatiwa kwa FAT32 tu, na MP3 na WMA tu. FLAC haionekani, diski ya NTFS haionekani. Matoleo mengi ya Windows hayakupi FAT32 kwa fleshi iliyozidi 32GB, mara nyingi inabidi programu nyingine ya kufomati. Na nyimbo zikicheza ovyo bila mpangilio wakati umezipa namba, ni kwa sababu kisomaji kinafuata mpangilio wa kunakiliwa, hakiangalii herufi. Futa, nakili upya kwa mfuatano, au tumia programu ya FatSort.

#8 DansiNaTaarab
Salaam. Mnasahau nyimbo zenyewe. Dansi la miaka ya 1960 na 1970 lililorekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ni mono. Mono kwenye spika mbili zinazofanana, ukikaa katikati, mwimbaji anasimama katikati yako na ukuta. Spika moja ikiwa na twita (kispika cha sauti za juu) dhaifu kuliko nyingine, mwimbaji anahama upande. Hicho ndicho kipimo cha bure cha kununulia spika: nenda na rekodi ya mono, kaa katikati, sikiliza kama anasimama au anatangatanga.

Kwa rekodi hizo hutaki sabufa ya kutikisa madirisha. Unataka sauti ya kati: tarumbeta, gitaa la solo, koo la mwimbaji. Spika mbili za koni ya inchi 5 zinatosha. Ngoma za Kisukuma ni jambo jingine, ngoma kubwa ina uzito chini na ukiikata unabaki na mlio wa ngozi tu.

#9 Kinanda
Turudi kwenye swali la zipi. Nataja tatu ambazo namba zake zinajulikana.

Edifier R1280T: wufa (koni ya besi) ya inchi 4, jumla wati 42 RMS, yaani wati za kweli, tundu la hewa liko mbele, kwa hiyo inavumilia kukaa karibu na ukuta. Inapokea RCA jozi mbili. Ndugu yake R1280DB anaongeza Bluetooth na tundu la optiko.

JBL 305P MkII: inchi 5, kila spika ina ampli mbili za wati 41, moja ya wufa moja ya twita. Inashuka mpaka 43 Hz kwa kipimo cha −10 dB, yaani pale sauti inapokuwa imepungua desibeli 10. Inapokea XLR na jeki ya 6.35 tu, haina RCA, nunua waya unaofaa mapema. Tundu lake la hewa liko nyuma.

Yamaha HS5: inchi 5, wati 45 za wufa na 25 za twita, inashuka mpaka 54 Hz kwa kipimo kilekile. Nyuma ina swichi ya chumba inayopunguza −2 au −4 dB chini ya 500 Hz, iliyowekwa kwa ajili ya watu wanaoegemeza spika ukutani.

Kwa sebule iliyotajwa na ngoma alizotaja ningechukua JBL, kwa sharti zisikae juu ya meza ya TV. Mita 1.2 kati ya spika na wewe umekaa mita 2.5 mbele, stereo inakuwa kama mono. Tengeneza pembetatu ya pande sawa, mita 1.7 hivi kila upande. Twita iwe usawa wa sikio ukiwa umekaa, kama sentimita 95 mpaka 100 toka sakafuni. Stendi ya fundi wa kuchomelea inatosha, mimina mchanga mkavu kwenye bomba ili lisilie. Tundu la nyuma liache sentimita 20 hadi 30 na ukuta. Ikishindikana, liingize sponji, besi itapungua bila kuharibu kitu.

#10 JiweKuu
Kinanda umesema vizuri, naongeza la mtumba. Wapo watakaomshauri achukue mini-kompo za Kijapani. Boksi zake mara nyingi ni nzuri, koni za mpira, mbao nzito. Lakini Japani ni 100V. Ukichomeka kwenye 230V moja kwa moja transfoma inaungua kabla hujakaa. Inatakiwa transfoma ya kushusha. Redio yake nayo inaanzia 76 MHz na kuishia kabla ya vituo vyetu vingi. Chukua boksi, kichwa kiache.

Na kagua ukingo wa koni. Wa sponji hukauka na kukatika, bonyeza kidogo kwa kidole: ukiacha vumbi la kahawia, achana nao. Wa mpira unarudi.

#11 Solda60
Hakuna aliyegusa umeme. Sabufa za transfoma hazina stebilaiza ndani. Umeme ukishuka kutoka 230V hadi 180V, ±14V inakuwa kama ±11V. Nguvu inafuata mraba wa volti: (180/230) ikizidishwa kwa yenyewe ni 0.61. Wati 14 zinabaki 8 na kitu. Jioni watu wote wakiwasha majiko na pasi, besi inakosa pumzi, inagonga dari ya volti na kuwa mvumo. Dukani mchana umeme uko kamili. Na kapasita kubwa za mikrofaradi 2200 zikichoka, mlio wa 100 Hz unaingia humohumo.

#12 JiweKuu
Solda60, kila mgonjwa wewe unampa kapasita! Hesabu yako ni sahihi ila imalizie: 0.61 ni desibeli 2 tu. Sikio linazisikia kwa shida. Mvumo anaoeleza yeye upo hata sauti ikiwa ndogo, na ampli haigongi dari kwa sauti ndogo.

Mlio wa umeme ni kweli upo, lakini kwa nyumba za Isamilo, Bugando na Capri Point nautafuta kwenye ethi, waya wa kwenda ardhini. Ethirodi ya futi 4 iliyopigwa kwenye kifusi juu ya jabali haikamati ardhi. Ethi isipokuwepo, vichujio vya ndani ya chaja ya laptopu vinaliacha umbo lake likielea karibu na nusu ya volti za ukutani. Mkondo ni mdogo sana, ndio ule mchomo mwepesi ukipitisha nyuma ya mkono. Ukiunganisha waya wa AUX, mkondo huo unapita kwenye waya wa muziki: "mmmmm".

Kipimo: chomoa chaja, laptopu ibaki na betri. Mlio ukikoma umeupata. Tumia DAC (kifaa cha kugeuza muziki wa dijitali kuwa sauti ya waya) yenye tundu la optiko, au transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa RCA. Usikate pini ya ethi, inakulinda wewe kabla ya muziki. Fundi umeme anaweza kuzika utepe wa shaba kwa ulalo kwenye udongo ulio kando ya mwamba badala ya kupambana na jiwe.

#13 Ukerewe_Sola
Na sisi wa visiwani tunaotumia sola tusaidieni. Inveta ya bei nafuu, spika zinavuma.

#14 Solda60
Mkuu, inveta hiyo haitoi wimbi laini, inatoa ngazi, na ngazi hizo zinaingia kwenye transfoma kama mlio. Ruka inveta kabisa. Chukua bodi ya ampli ya TPA3116, inakula volti 4.5 hadi 26 moja kwa moja toka kwenye betri. Kwa 12V na spika za omu 4 unapata kama wati 15 kila upande, na inapoteza joto kidogo sana. Weka fyuzi ya ampea 5 karibu na betri, si karibu na bodi. Spika tafuta zenye desibeli 88 au zaidi kwa wati moja; kila desibeli 3 za ziada ni sawa na kuongeza ampli mara mbili. Simu usiichaji kwenye betri hiyohiyo wakati inacheza kwa waya, utarudisha mlio uleule.

#15 Ukerewe_Sola
Asante fundi. Bluetooth badala ya waya?

#16 Kinanda
Inakata mlio, maana hakuna waya unaounganisha ardhi mbili. Kodeki ya SBC, njia ya kubana sauti ya Bluetooth ambayo kila kifaa kinayo, inafika kama 328 kbps, FLAC yako inabanwa humo. Kwa spika ya inchi 4 kwenye sebule yenye watu wanaoongea sioni hasara. Mabatini_2 atapinga.

#17 Mabatini_2
Napinga. MP3 ya 128 ikibanwa tena na SBC inabanwa mara mbili, na hapo matoazi yanasikika kama maji. Kwa FLAC nakubaliana nawe.

MwanaIsamilo, diski yako iunganishe na Raspberry Pi, kompyuta ndogo, yenye MPD, programu ya kucheza muziki; simu iwe rimoti. Usitumie tundu la sauti la Pi 4, ni dhaifu; Pi 5 haina tundu hilo kabisa. Weka DAC ya USB. Umeme ukikatika ghafla kadi ndogo inaharibika, kwa hiyo iweke isomeke tu bila kuandikwa. Diski inayozunguka ipe umeme wake, bandari za Pi 4 kwa pamoja zinatoa ampea 1.2 tu.

#18 Bi_Pasiansi
Tumemwongezea vifaa vinne na hajahamisha sabufa hata hatua moja.

#19 MwanaIsamilo
Nimehamisha. Nimefanya jaribio la kuzunguka kuta, sehemu nzuri ni katikati ya ukuta mrefu, kama sentimita 60 kutoka kwenye mlango. Mwimbaji sasa anasikika. Chaja haina mlio wowote. Nikacheza toni moja moja kutoka 40 hadi 120 Hz huku simu ikipima. Inayoruka juu ni 70 hivi. Siyo 43, siyo 49, siyo 61.

#20 Solda60
Sabini! Hilo ni tundu la hewa la boksi. Viwanda vinalipangia pale makusudi ili lisikike lina besi dukani. Koni ndogo ya sabufa ya kawaida haifiki 43 kwa nguvu, kwa hiyo wanaipa nundu juu kidogo na mteja anaridhika. Ziba tundu kwa soksi iliyojaa sponji, upime tena.

#21 Bi_Pasiansi
Taratibu kaka. Chumba hakina namba tatu tu. Kuna zinazopita kuta nne kwa pamoja: 43 na 49 zikiungana zinatoa 65, 43 na 62 zinatoa 75. Kipimo cha simu kwenye sofa moja hakitofautishi 70 na hizo. Akiziba tundu na mvumo ukapungua bado hujui ni nani, maana umepunguza besi yote.

Litoe boksi uani, mbali na kuta mita 3 au zaidi, simu iwe umbali wa mita 1, toni zilezile. Likiruka 70 hata uani, Solda60 ameshinda. Likinyooka, ni sebule, na JBL au HS5 atakayonunua itavuma palepale.

#22 Kinanda
Naunga mkono, fanya kabla ya kununua. Ukitoka nje jioni ziba tundu kwa kitambaa chepesi cha chandarua, wadudu wa ziwani wakija kama moshi wanafuata taa ya boksi na kuingia ndani.

#23 MwanaIsamilo
Ekstensheni ya kufika uani ipo. Mvua imeanza kupiga, siwezi kulitoa leo. Nitaleta namba kesho.

#24 JiweKuu
Na radi za ziwani ndizo hizo usiku. Chomoa sabufa ukutani, na waya wa AUX uchomoe kwenye king'amuzi pia. Radi inaweza kuingia kwa waya wa dishi, ikapita king'amuzi, ikaua IC za mbele za spika, na fyuzi ikabaki nzima.

#25 Solda60
Kesho ukipima uani, andika na volti za ukutani za saa hiyo.